Tulikwenda Mashuuru Kumwombea Bibi

Wanakwaya wenzangu, mmeniuliza kwa nini tuliporudi kutoka Kenya sikusimama kanisani kutoa ushuhuda, na kwa nini mwinjilisti Zakayo alisema tu "tumefika salama" kisha akaketi. Mama Happy amenijia nyumbani mara mbili kwa ajili ya jambo hilo hilo. Nimeona ni heri niandike. Nikisimama mbele za watu nitalia, na nikilia mtadhani ni upako, kumbe ni jambo jingine kabisa.

Habari za mialiko ya kuhubiri, hati na foleni nazipita. Naanzia barabarani.

Babati hadi Namanga

Tulikuwa watano na dereva, ndani ya Noah iliyojaa hadi madirishani. Nyuma kulikuwa na spika mbili kubwa na jenereta, mali ya Zakayo, na hakuruhusu mtu mwingine aziguse. Mnamjua alivyo: miaka sitini na kitu, sauti ya kuamsha kijiji, koti la kahawia hata jua likiwa la kuchoma. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nimekuwa muuguzi wa zahanati miaka thelathini. Walisema, Foibe twende naye, huenda mtu akaumwa njiani.

Lililoumwa ni gari. Tulipoipita Longido mkanda wa injini ulikatika, dereva akadandia lori kwenda kutafuta mwingine, sisi tukabaki chini ya mgunga usio na kivuli cha maana. Tulikula mayai ya kuchemsha na maandazi. Mchungaji wa mbuzi, Mmasai wa makamo, akaja akaketi nasi. Aliuliza kama tunakwenda kuuza spika. Zakayo akaona hapo pana nafasi, akamhubiria kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo. Yule bwana alisikiliza kwa heshima yote, hakukatiza hata mara moja. Zakayo alipomaliza na kumuuliza anasemaje, akasema, "Sawa. Mna maji ya kunywa?"

Tulikuwa tumekaa naye saa tatu nzima. Maji tulikuwa nayo, dumu zima, na hakuna kati yetu aliyemuuliza kama ana kiu. Alikunywa vikombe vinne, akashukuru, akaondoka na mbuzi wake. Wakati ule sikulitilia maanani.

Namanga hadi Kitengela

Tulivuka mpaka alasiri, tumechoka na tuna njaa. Upande wa Kenya tukaingia mkahawa mmoja. Zakayo, kwa adabu zetu za nyumbani, akamwambia mhudumu, "Dada, naomba unisaidie chai."

Yule dada akasimama na trei yake. "Sasa chai nikusaidie aje, mzee? Unanunua ama unaomba?"

"Naomba," akasema Zakayo.

"Hapa hatupeani ya bure. Ongea na mwenye hoteli."

Ilibidi dereva wetu, anayezijua njia hizi, aingilie kati na kusema, "Leta chai sita na chapati." Ikaja mara moja, tena kwa tabasamu. Tulicheka hadi Bissil. Tuliipita Kajiado jua likizama, tukaahidiana kwamba tutarudi pale baada ya siku tatu. Kisha nyumba zikaanza kuongezeka pande zote mbili za barabara, ghorofa juu ya ghorofa, malori ya saruji, mabango ya viwanja vinavyouzwa, na vumbi juu ya kila kitu. Hiyo ndiyo Kitengela.

Siku tatu Kitengela

Mimi nilipangiwa kulala kwa Everlyne, karani wa shule, mtu wa Kakamega aliyekodi vyumba viwili ghorofa ya nne. Mume wake anafanya kazi mbali, yeye anaishi na binti zake wawili. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu mama, karibu sana. Nyumba ni ndogo lakini tutatoshea. Maji ilipotea tangu Alhamisi, lakini wewe usijali, yako iko kwa bafu."

Nikaoga, tena nikaoga kwa raha, maana vumbi la Longido lilikuwa bado masikioni. Tukala ugali, kuku na mboga ya mrenda. Asubuhi nikitafuta kandambili zangu nikakuta chini ya ngazi madumu mawili na kamba, na binti yake mkubwa akihema. Ndipo nikajua kwamba yale maji yalipandishwa ghorofa nne mgongoni, na kwamba wao watatu walikuwa wamejipangusa kwa kitambaa ili mimi mgeni nioge. Nilipomwambia Everlyne kwamba nimeona, aliona haya kana kwamba nimemkuta na kosa. "Wacha tu, mama. Mgeni ni mgeni."

Kazi yetu ilikuwa kutembelea nyumba kwa nyumba. Wenzangu, milango ya Kitengela ni mageti. Unagonga, unasikia hatua, kisha sauti. Mwanamke mmoja wa Kikuyu, mwenye duka mbele ya nyumba yake, alituchungulia kupitia tundu la geti akauliza, "Mnauza nini?" Zakayo akamwambia tunaleta habari njema kutoka Tanzania. Akasema, "Sisi tuko na kanisa yetu tayari. Hata mimi ni mzee wa kanisa. Mungu awabariki, nendeni salama." Hakufungua, lakini alitupitishia soda mbili juu ya geti. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Waliotufungulia walikuwa wameokoka kabla yetu, na walijua Biblia kuliko baadhi yetu.

Jumapili, baada ya ibada, akatujia dada mmoja msusi wa nywele, jina lake Naserian, binti wa Kimasai wa kama miaka ishirini na mitano. Alikuwa amemsikia Zakayo akihubiri habari za Mungu anayeinua wagonjwa, na spika zile zilifikisha ujumbe hadi stendi.

"Pastor," akasema, "nataka muende muombee nyanya yangu. Iko Mashuuru. Imekauka kabisa, iko karibu kuisha."

Zakayo akatoa kalamu na daftari. "Umepanda ekari ngapi?"

"Ekari?"

"Za nyanya. Na maji ya kumwagilia mnatoa wapi?"

Everlyne aliyekuwa karibu akashika tumbo kwa kucheka. "Pastor! Nyanya si ya kukaanga! Ni mama ya mamake!"

"Ah, bibi!" nikasema mimi. "Kwetu huyo ni bibi."

Tukacheka wote, hata Naserian, ingawa kicheko chake kiliisha kabla ya vyetu. Nikamvuta pembeni nikamuuliza huyo bibi anaumwa nini. Akasema hajala vizuri kwa miezi miwili, haongei na mtu, na ameiacha kazi yake.

"Kazi gani?"

"Ya kuzalisha wamama. Yeye ndiye amezalisha boma yetu yote, hata mimi." Akashusha sauti. "Kuna shida ilitokea huko nyumbani." Hapo mchungaji wa kanisa lao akamwita wapige picha ya pamoja, na maneno yetu yakaishia hapo.

Kajiado

Jumatatu tulirudi Kajiado mjini, tukapokewa na kanisa dogo karibu na reli. Walituchomea mbuzi, na nyama ile sijaila mfano wake, haina kitu ila chumvi na moshi. Mkutano wa hadhara ulikuwa umepangwa kesho yake jioni. Tukakubaliana kwamba wenzetu watatu wabaki kuandaa uwanja, na mimi, Zakayo, dereva na Naserian tuende Mashuuru asubuhi na kurudi mapema. Zakayo alitaka spika zake zibaki garini. Alisema baada ya kumwombea bibi tutafanya mkutano mfupi pale sokoni Mashuuru, watu waone matendo makuu.

Sikumpinga. Nataka mjue hilo. Nilikuwa nimekaa na wagonjwa miaka thelathini, na sikumwambia asiahidi.

Mashuuru

Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na kila baada ya mwendo kidogo tulivuka korongo kavu, ambalo wao huliita laga. Kingo zilikuwa zimemomonyoka na miti imelala chali, alama ya mvua kubwa iliyopita. Tulipofika kwenye maduka, Naserian akashuka anunue sukari, majani ya chai na unga, maana haendi nyumbani mikono mitupu. "Mtangulie," akasema. "Ndugu yangu Lemayian anawangoja kwa laga ya mwisho. Mimi nitakuja na pikipiki."

Lemayian tulimkuta amesimama ukingoni. Kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, shuka juu ya shati la zamani la shule, viatu vya tairi. Alinisalimu kwanza mimi, "Takwenya," nami nikajibu "Iko" kama Naserian alivyonifundisha. Akafurahi kidogo. Gari lisingeweza kuvuka mchanga ule, tukaliacha na dereva, tukatembea.

"Nyinyi ndio wale watu ya maombi?" akauliza.

"Ndio sisi," akasema Zakayo. "Tumekuja kumwombea bibi yako."

Akasimama. "Bibi yangu?"

"Bibi yako," nikasema mimi. "Tungependa tumwone yeye kwanza, chai baadaye."

"Naserian amewaambia?"

"Ametuambia," akajibu Zakayo. "Usiogope, kijana. Kwa jina la Yesu leo ataamka."

Alimtazama Zakayo kwa muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akageuka akaanza kutembea haraka, karibu kukimbia. Tulimfuata tukihema. Hakuingia ndani ya boma. Alizunguka ua wa miiba kwa nje. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni na ujauzito wa mwingine tumboni, au ndivyo nilivyodhani, alianza kutufuata, kisha akasimama. Tukafika nyuma ya boma, mahali palipo wazi. Palikuwa na tuta la udongo, mawe juu yake, na matawi ya miiba juu ya mawe, ili fisi wasifukue.

Lemayian akaanza kuondoa yale matawi, moja moja, kwa mikono mitupu.

"Yuko wapi?" akauliza Zakayo.

"Ni hapa." Aliondoa tawi la mwisho, akasimama wima, mikono inatoka damu. "Sasa ni miezi mbili. Sijui kama hiyo ni mingi."

Nilielewa kabla ya Zakayo. Kenya bibi ni mke. Hata kwetu tunasema bibi harusi, ningepaswa kujua. Tulikuwa tumemwambia mtu aliyefiwa na mke wake kwamba tumekuja kumwamsha.

Zakayo alinitazama, akalitazama tuta.  Kisha akalivua koti, sijui kwa nini, akalikunja, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo hata sikuijua, "hatuwezi."

Lemayian akafuta damu ya mikono kwenye shuka.

"Sisi tulimaanisha nyanya yako," nikasema. "Koko, kama Naserian anavyomwita. Kwetu tunamwita bibi. Hatukujua habari za mkeo. Tusamehe."

"Koko iko kwa nyumba," akasema polepole, kama mtu anayeelekeza njia. Akachuchumaa. Akacheka kidogo, kicheko kibaya ambacho bado nakisikia. "Mimi nilijua haiwezekani. Niko na akili. Lakini mlivyosema, nikasema wacha nione."

Pikipiki ikasikika, na baada ya muda Naserian akatokea amebeba mfuko. Alipoona matawi yameondolewa akauangusha. Nilimweleza. Akajiziba mdomo. "Nilidhani Everlyne aliwaambia," akasema. "Nilidhani mnajua." Na Everlyne, nilikuja kujua baadaye, alidhani Naserian ametuambia.

Zakayo hakuondoka pale. Akaanza kurudisha matawi ya miiba juu ya mawe, na Lemayian akamsaidia. Mimi na Naserian tukaenda kwa Koko.

Nyumbani kwa Koko

Nyumba yake ilikuwa ya chini, ya giza, na moshi wa kuni umeganda. Kikongwe alikuwa amelala kwenye kitanda cha ngozi, uso ukutani. Karibu naye palikuwa na kikombe cha maziwa kilichofunga utando. Nilimsalimu, nikamshika mkono, nikambinya ngozi kama nilivyozoea. Haikurudi mahali pake. Alikuwa anakufa kwa kiu na njaa aliyojichagulia, na sikuona ugonjwa mwingine.

Naserian akanieleza taratibu. Mke wa Lemayian alishikwa na uchungu siku ya mvua kubwa. Koko ndiye aliyemzalisha, mtoto akatoka salama, msichana. Kisha damu ikaja, haikukoma. Lemayian alipiga simu, gari likatoka Mashuuru, likafika laga ya mwisho, likakwama ng'ambo, maji yamejaa. Wakangoja maji yapungue. Yalipopungua, mwanamke alikuwa ameshakufa. Tangu siku hiyo Koko hajamgusa mtu yeyote, hata mtoto mwenyewe, na amesema asiitwe tena kwa kazi ile.

Ilipotajwa kwamba mimi ni muuguzi, kikongwe akageuza uso. Macho yake yalikuwa makavu na makali. Akasema maneno machache.

Naserian akanigeukia. "Anauliza, mikono yake ilikosea wapi."

Nikamwambia anieleze yote. Na akaeleza, yeye ambaye hajaongea miezi miwili. Nilimuuliza kama kondo la nyuma lilitoka lote. Lilitoka, alilikagua. Kama tumbo lilikuwa gumu au laini. Laini, alilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Kama alimweka mtoto kwenye ziwa. Alimweka. Kila nilichouliza alikuwa amekifanya. Nimefanya kazi na wauguzi wenye vyeti ambao wasingeweza kujibu vile.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo hata nyinyi sijawahi kuwaambia. Zahanatini kwetu, zamani, alinifia msichana wa miaka kumi na tisa kwa damu hiyo hiyo. Nilikuwa na sindano, nilikuwa na dripu, nilikuwa na taa. Gari la kumpeleka mjini lilikuwa limekwenda safari nyingine. Nilirudi nyumbani nikafua sare yangu mara tatu, na kesho yake nikaenda kazini kwa sababu palikuwa na mwingine anangoja. "Mikono yako haikukosea," nikasema. "Mikono peke yake haitoshi. Na yangu haikutosha."

Naserian alitafsiri akilia. Koko alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Akanyoosha mkono, akamwita kwa jina mtu aliyekuwa mlangoni. Alikuwa yule mwanamke niliyemwona nje. Kumbe mtoto mgongoni alikuwa yatima, msichana wa Lemayian. Yeye anaitwa Nashipae, mke wa mdogo wake Lemayian, na ujauzito ndio ulikuwa wake, wa kwanza, na umefika mwisho. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe. Alikuwa akimlea yatima kwa maziwa ya mbuzi huku akingoja zamu yake ndani ya boma ambalo mkunga wake hataki kumgusa mtu.

Koko akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la Nashipae, upande wa juu, chini ya mbavu, akabonyeza vidole vyangu. Kitu cha mviringo, kigumu, kikacheza. Kichwa. Nikapapasa chini, nikakuta laini. Mtoto alikuwa amekaa, matako mbele. Nilimtazama kikongwe naye akanitazama. Alikuwa anajua muda wote ule, amelala na uso ukutani, anajua.

Akasema neno, na Naserian akalitafsiri: "Mpelekeni leo. Kabla mawingu haijarudi."

Tulipotoka nikamweleza Zakayo. Hakuuliza swali. Alivuka laga mbele yetu na koti lake mkononi, na tulipofika garini tayari yeye na dereva walikuwa wanashusha spika. Viti vya nyuma vikalazwa, tukatandika shuka, Nashipae akalala kwa ubavu. Mtoto mchanga alibaki kwa jirani, Naserian akapanda na mgonjwa. Lemayian alizibeba zile spika moja moja hadi bomani, na jenereta pia. Wakati wa kuagana Zakayo akamshika bega.

Kabla hatujaondoka bomani nilikuwa nimerudi kwa Koko mara moja. Kupitia Naserian nilimwomba twende naye hospitali, akakataa kwa kichwa, nikampa maziwa mapya. Akanywa vijiko viwili, kwa heshima yangu nadhani, kisha akanisukumia mkono. Akasema "Ashe," yaani asante, akageukia ukuta.

Kajiado mara ya pili

Hospitalini Kajiado walimpokea Nashipae, wakampima, wakasema abaki, atajifungua kwa kupasuliwa. Muuguzi wa zamu alinishika mkono akasema tumefanya vizuri kumleta kabla ya uchungu. Mkutano wa hadhara ulifanyika bila spika. Walikuja watu wachache, nao waliokuwa nyuma hawakusikia. Zakayo alisoma Zaburi moja, akaomba kwa ajili ya watu waliofiwa, akateremka. Wenzetu watatu waliudhika, na sikuwalaumu, maana walikuwa wameandaa nyimbo nane. Niliwaeleza njiani tukirudi, kati ya Namanga na Arusha.

Nyumbani

Wiki ya tatu baada ya kurudi, nikiwa shambani napalilia, simu ikaita, namba ya Kenya. Ilikuwa Lemayian. Tulisalimiana. Akaniuliza habari za mahindi, nikamuuliza habari za mbuzi. Kisha akasema Koko alifariki siku tano baada yetu kuondoka. Walimzika nyuma ya boma. Siku mbili baada ya mazishi Nashipae alipasuliwa, akapata mtoto wa kiume, wote wawili wazima. Walimficha habari za msiba hadi alipoweza kutembea.

Nilimpa pole. Nilikaa chini kwenye tuta la mahindi. Nilidhani amemaliza.

"Mama, nataka nikuulize kitu. Wewe ni daktari."

"Muuguzi."

"Siku ile, gari ilikuwa ng'ambo ya laga. Maji ilikuwa inanifika hapa kwa kifua. Mimi nilisema tungoje. Watu wengine walisema tuvuke na yeye. Mimi ndiye nilisema tungoje." Nilisikia anavuta pumzi. "Kama ningembeba, tukavuka, tukafika hospitali, angepona?"

Wapendwa, maneno niliyokuwa nayo tayari mnayajua. Nimeyasema kwenye misiba mingi, na mengi mmeyasikia kutoka kwangu. Sikuyasema.

"Kama angefika hospitali mapema," nikamwambia, "pengine angepona. Kwa maji ya kiasi hicho, na mtu anayetoka damu, pengine mngekufa wote wawili. Mimi sijui, Lemayian. Kweli sijui."



"Ashe," akasema. "Wachungaji wote wamekuja hapa. Wazee pia. Kila mtu anajua kwa nini. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui."

Nyuma yake mtoto akaanza kulia, kilio cha mtoto mwenye afya na njaa.

"Ngoja mama," akasema, "ni huyu wangu. Wacha nimchukue." Nikamsikia akiweka simu chini bila kuikata, akimsemesha mtoto kwa Kimaa, taratibu, mpaka kilio kikapungua. Sikukata hata mimi. Nilikaa nikisikiliza hadi salio lake likaisha.